Kwa Nini Kinampanda Wananiita Mara Kumi

Mwanangu Naomi,

Mambo ya shuka, sabuni na viatu mama yako ameshakuambia, akayarudia, na asubuhi atayarudia tena lori likiwa linanguruma na utingo anapiga kelele. Mimi sitayagusa. Wala sitakuambia usali, uheshimu walimu na ujihadhari na wezi wa stesheni ya Itigi, kwa maana hayo utaambiwa na kila atakayekuja kukuaga, pamoja na wale ambao hawajawahi kufika Itigi.

Nina jambo moja tu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini watu mnadani wananiita Mwalimu Mara Kumi. Nikakujibu kwamba huwa nawaamuru wanafunzi waandike mara kumi kila neno walilokosea. Ukaamini, na mimi nikashukuru. Sasa unakwenda Tabora, na huko yuko msichana mwingine wa Iramba ambaye babu yake alikuwepo siku ile. Heri uisikie kwangu kabla hujaisikia bwenini, maana bwenini huwa wanaongeza chumvi, na habari hii haihitaji chumvi.

Mimi nilisoma Tabora zamani, wakati ambapo kijana akirudi Iramba na suruali ndefu watoto walimfuata mpaka mlangoni kwao. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa Mwingereza aliyefundisha kwa Kiingereza na kukasirika kwa Kiswahili. Siku moja aliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, akawasha mshumaa, akaweka lenzi mbele yake. Ukutani tukaona mwali mkubwa kama jembe, ncha yake imeelekea sakafuni. Baadaye alisema mengi kuhusu umbali na fokasi, akatuandikia kanuni ya ukuzaji ubaoni, nami niliikariri na mtihani nikafaulu. Lakini kilichobaki moyoni mwangu ni ule mwali mkubwa. Kwamba ulikuwa umepinduka nilisahau kabisa, kwa sababu mwali wa mshumaa hata ukiupindua hauonekani kama umekufa.

Nilipopata kazi ya ualimu hapa Kinampanda, kitu cha kwanza nilichonunua kwa mshahara wangu kilikuwa lenzi. Niliipata Singida, kwa Mhindi mwenye duka, kioo cha kusomea kilichovunjika mpini. Wenzangu walinunua baiskeli. Mimi nilitembea kwa miguu huku nikiwa na kioo mfukoni, nikajiona nimewazidi.

Mama yako, Ruthi, alikuwa anakuja darasa la kusoma la misheni kila Jumapili mchana. Alisoma haraka kuliko nilivyofundisha. Nikifika mstari wa tatu yeye ameshamaliza ukurasa na ananitazama, ananisubiri. Sikuvumilia macho yale zaidi ya msimu mmoja wa mvua. Nikamwomba baba mdogo Yona awe mshenga wangu aende kwa Mzee Kitundu, babu yako huyu huyu unayemjua, kupeleka posa.

Baba mdogo Yona alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe walio bonde la pili, na hakuwa na sauti nyingine. Tulikwenda naye, tukamswaga fahali mmoja kama mfano wa wale tutakaowaleta kwa mahari. Kwa desturi mimi sikutakiwa hata kuwepo, sembuse kusema. Mzee Kitundu alimzunguka yule fahali polepole, mikono nyuma, kama Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anapokagua choo cha shule. Kisha akawageukia wazee wenzake waliokaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe.

"Huyu ni mbuzi," akasema. "Pembe ameazima."

Wazee wakacheka. Ningecheka nao tungeyamaliza pale pale, kwa kuwa kumponda ng'ombe wa mkwe ni sehemu ya mazungumzo. Fahali asiyepondwa ni fahali asiyetakiwa. Hilo sikulijua; nilikuwa nimesoma Tabora. Damu ikanipanda kichwani, nikasimama mbele za watu wazima wote wale, nikasema, "Baba, nipeni mpaka wiki ijayo. Nitawaonyesha fahali huyu huyu akiwa mara kumi."

Baba mdogo Yona, ambaye hakuelewa nimesema nini, akadakia kwa ile sauti yake, "Mara kumi! Mmesikia? Mara kumi!"

Habari ikafika hadi Kiomboi kabla sisi hatujafika nyumbani.

Sasa nikupe hesabu yenyewe, maana nawe itakujia huko, na nataka uione nilipoteleza. Fokasi ya lenzi yangu niliipata kwa jua. Nilikusanya mwanga juu ya majani makavu mpaka ukawa nukta na majani yakaanza kutoa moshi, nikapima kutoka kwenye lenzi: inchi kumi. Nikapanga fahali asimame nje kwenye jua, inchi mia na kumi kutoka kwenye lenzi, yaani futi tisa na kidogo. Nikafanya ile hesabu ya sehemu, moja ya kumi toa moja ya mia na kumi, nikapata kwamba taswira itatokea inchi kumi na moja nyuma ya lenzi. Mpaka hapo sikuwa na kosa. Unaweza kuhesabu upya.

Ikabaki ukuzaji. Ukuzaji ni umbali wa taswira ugawanywe kwa umbali wa kitu. Taswira inakaa juu, kitu kinakaa chini. Mimi nilimweka fahali juu. Usiniulize sababu, nadhani niliona ng'ombe ni mkubwa na ana heshima, akaaje chini? Mia na kumi kwa kumi na moja, nikapata kumi. Jibu likatoka zima, bila sehemu, tena ni lile lile nililokwisha kuwaahidi. Jibu likija hivyo, linafanana kabisa na ulilolitamani, ndipo mtu anapoacha kulikagua. Kimo cha fahali kilikuwa futi nne. Nikaandika: futi arobaini. Nikalala usingizi mtamu.

Siku ikafika. Tembe ya Mzee Kitundu ilikuwa na giza zuri, kama unavyojua tembe zetu. Niliziba mlango kwa ngozi ya ng'ombe, nikaitoboa katikati, nikaitia lenzi kwenye tundu. Nyuma yake, kwa umbali wa inchi kumi na moja, nikatundika shuka la marikani jembamba, kubwa kuliko yote niliyoweza kuazima. Wazee wakaingia kupitia upande wa zizi, wakakaa chini ng'ambo ya shuka. Wanawake wakajibanza nyuma ya vihenge vya nafaka, mama yako akiwemo. Baba mdogo Yona alibaki nje amemshika fahali kamba.

Nikawaeleza kwamba watamwona fahali mwenye kimo cha futi arobaini.

Mzee mmoja, mtu mpole tu, akainua macho. Dari ya tembe ilikuwa karibu kugusa nywele zake, na hapo alikuwa amekaa.

"Mwalimu," akasema, "hizo futi arobaini zitaishia wapi?"

Mwanangu, swali lile lilikuwa zawadi. Lilikuwa mlango, na mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Kweli mzee, ngoja nikatazame tena hesabu yangu." Badala yake nikajibu kwa ujasiri mkubwa, "Hamtamwona wote. Mtaona kwato tu. Kwato zitawatosha."

Nikafunua lenzi.

Shuka lote lilikuwa jeupe tupu. Wazee walitazama juu, wakatazama pembeni, wengine wakarudi nyuma kidogo kuzipisha kwato. Halafu yule yule mzee mpole akasogea, akainama, akanyoosha kidole katikati ya shuka.

"Na haka ni nini?"

Alikuwa fahali wetu. Mzuri, mwenye rangi zake zote, madoa yake yote, urefu wa panya buku. Miguu ilikuwa juu. Pembe zilikuwa chini. Mkia ulikuwa unapunga nzi.

"Amekufa," akasema mmoja.

"Mkia unatikisika."

"Amekufa sasa hivi."

Na kutoka nje, baba mdogo Yona, ambaye hakuona chochote, akapaza sauti yake: "Mmeona ukubwa wake? Na huyo ni mmoja tu! Wengine wote watapitia hapo hapo!"

Mzee Kitundu akasimama. "Wote?" akauliza. "Wote watapitia kwenye hilo tundu? Kwa hiyo mimi nimtoe binti yangu kwa kikapu cha panya waliokufa?" Akaongeza neno la Kinyiramba ambalo siwezi kulitia katika barua ya binti. Wazee wakatoka nje mmoja mmoja kuhakikisha kama fahali bado yuko hai. Walimkuta anakojoa.

Ungedhani aibu iliishia hapo. Aibu yenyewe ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu nilifungua mdomo. Nilisema jua halikukaa vizuri. Nikasema shuka lilikuwa na mikunjo. Nikasema Yona alimshika fahali vibaya. Mwisho nikasema fahali mwenyewe hakusimama sawasawa, na yule maskini wa Mungu alikuwa amesimama kama askari mbele ya bendera ya Mwingereza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonitazama kwa huruma, na huruma ya wakwe, mwanangu, ni mbaya kuliko hasira yao.

"Rudi na ng'ombe wako," akasema Mzee Kitundu. "Siku ukimpata aliyesimama kwa miguu, utuletee habari."

Tukarudi. Njiani watoto waliimba, "Mara kumi! Mara kumi!" na baba mdogo Yona, ambaye bado hakuwa ameelewa, akawapungia mkono.

Jumapili mbili sikufundisha darasa la kusoma, nilisema naumwa. Jumapili ya tatu nikaona aibu kuumwa zaidi. Mama yako alikuja. Darasa lilipokwisha akabaki anafunga kitabu chake kwenye kitambaa, polepole sana kwa mtu mwepesi kama yeye.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana.

"Marahaba. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Hana hasira na ng'ombe mdogo."

"Ana hasira na nini, basi?"

"Ulimlaumu ng'ombe," akasema. "Anasema mtu anayemlaumu ng'ombe kwa kosa lake mwenyewe, mke atalaumiwa kwa mangapi?"

Akaenda zake. Nilikaa pale darasani mpaka mtunza kanisa akaja kufunga mlango. Nilipofika nyumbani nikaitoa hesabu yangu na kwa mara ya kwanza nikaisoma kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi mvivu. Niliona kosa mara moja. Kumi na moja kwa mia na kumi: moja ya kumi. Futi nne zinakuwa inchi tano kasoro. Panya buku. Lenzi ilifanya kazi yake kwa uaminifu wote, na hata ule mwali wa Tabora ulikuwa umeniambia mapema kwamba taswira ya namna ile husimama kichwa chini. Ulikuwa mkubwa kwa sababu mshumaa ulikuwa karibu na lenzi, nje kidogo tu ya fokasi. Fahali wangu alikuwa mbali. Kitu kikiwa mbali na lenzi, taswira yake inakuwa ndogo. Hilo hata bila kanuni ningeweza kuliona kwa kuishika lenzi dirishani nikatazama ule mti wa uani umeingia wote kwenye kiganja.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Kitundu peke yangu, bila mshenga, jambo ambalo halifanywi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya zizi, mguu mmoja juu ya goti, mwiba mkononi. Alikuwa anatafuta funza katika kidole chake. Umri ulikuwa umeshamfikia machoni: kitu cha mbali alikiona vizuri, cha karibu kikawa ukungu. Basi alikuwa anausukuma mguu mbali naye ili auone, na mguu, ukiwa ni wa kwake, ulikuwa umefika mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na panya?"

"Nimekuja kusema nilikosea. Niligawanya vibaya. Fahali hakuwa na kosa."

Hakuinua macho. "Na jua?"

"Jua halikuwa na kosa."

"Shuka?"

"Shuka pia."

"Na Yona?"

"Baba mdogo Yona ana makosa yake, baba, ila hilo si lake."

Niliona bega lake linatikisika, nikajua anacheka na hataki nione. Nikapata nguvu. Nikatoa lenzi mfukoni, nikamwomba niiweke juu ya kidole chake.

Akauvuta mguu haraka. "Mguu wangu mimi usiufanye wa panya!"

Ikanibidi nimweleze. Nilimwambia kwamba lenzi hii ina mpaka, inchi kumi. Kitu kikiwa nje ya mpaka huo, taswira inapinduka. Kikiwa ndani ya mpaka, karibu kabisa, taswira inasimama wima na inakua. Nikachora mchangani kwa kijiti: kidole inchi tano kutoka kwenye lenzi, taswira inchi kumi, upande ule ule wa kidole. Safari hii nilimweka kila mmoja mahali pake, taswira juu, kitu chini, kisha nikafuta nikaanza upya ili nione kama itatoka vile vile.

"Ni mara mbili, baba."

"Mbili tu?"

"Mbili tu."

"Zile kumi umeziacha wapi?"

"Hazikuwepo."

Akautoa mguu. Nikaishika lenzi. Aliinama, na nikasikia pumzi yake imesimama. Funza alikuwa pale, mweupe na kidoa chake cheusi, amejaa kama punje ya mtama. Babu yako alimtoa kwa mwiba bila kumpasua, peke yake, kitu ambacho hakuwa amekiweza kwa miaka. Akamtazama juu ya mwiba kwa furaha isiyo ya kawaida. "Mbili zinatosha," akasema. "Funza si ndovu."

Kisha akamwita mkewe. Wakatazama kucha, wakatazama ushanga, wakamkamata kuku wakatazama utitiri wake mpaka kuku akakata tamaa. Jua lilipoelekea kuzama nikaomba ruhusa ya kuondoka, nikanyoosha mkono kuipokea lenzi. Mzee Kitundu akaitia kwenye mkoba wake wa ngozi.

"Waambie kwenu walete ng'ombe wale wale," akasema. "Ila waingie zizini kwa miguu yao."

Ndiyo hiyo lenzi unayoiona kwa babu yako mpaka leo, anayowaazima watu wenye funza na kuwaambia kwamba aliivumbua yeye. Kwa hiyo usiitafute sandukuni mwako, sikuwahi kurudishiwa. Shuleni watakupa nyingine.

Watakapokupa, utaandika kanuni, utagawanya, na siku moja nawe utagawanya kinyume, maana u mwanangu. Sikuombi usikosee. Nakuomba tu, ukipata jibu, lichukue uliingize ndani ya nyumba uone kama linaenea. Yule mzee mpole hakuwahi kuingia darasani, na sitasema alijua fizikia, hakuijua. Alikuwa anaogopa tu kukanyagwa. Lakini swali lake ndilo ninalowauliza wanafunzi wangu kila mwaka: hizo futi zitaishia wapi?

Na siku ukikosea mbele za watu, jaribu kunyamaza mapema kuliko baba yako. Mimi nimejifunza nusu tu. Mama yako atakwambia kwamba hata mwaka jana, nilipoingiza maji kwenye taa ya chemli badala ya mafuta ya taa, nilianza kwa kuilaumu chupa.

Jambo moja hukulijua. Barua yako ya kuitwa Tabora ilipofika, tulikaa kikao. Wajomba zako walisema msichana akienda mbali hivyo atarudi hawezi kusonga ugali. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Babu yako akainua mkono kabla sijaanza. "Aende," akasema. "Baba yake alituletea mbili. Labda huyu atatuletea nyingine." Hakuna aliyebisha, na hotuba yangu bado ninayo.

Mama yako amerudi sasa hivi kutoka kwa jirani na pasi ya mkaa, ananyoosha sare zako. Ameniuliza naandika nini kirefu namna hii. Nikamwambia nakueleza habari za fahali, nione kama atakasirika. Hakukasirika. Amepuliza makaa, akanyoosha mkono mmoja wa shati, akageuza, akanyoosha wa pili, kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie pia kwamba mimi nilikuwa nimeshaamua kabla ninyi hamjamleta fahali. Baba asingekubali, ningekufuata hata bila ng'ombe."

Naomi, miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Nimekaa hapa na kalamu imekauka wino mkononi, na yeye anaendelea kupiga pasi kama hakusema kitu.

Nenda salama, mwanangu. Andika ukifika.

Akupendaye na atakayejifanya amekwaruzwa macho na vumbi la lori asubuhi,

Baba yako,
Eliya